Kutenganisha majengo ya ofisi yaliyoshikana, Tanga mjini

Simu huwa ile ile: "Fundi, jirani kauza upande wake, tunataka kila mtu abaki na chake." Ukifika unakuta majengo mawili ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, yametobolewa mlango chini, mwingine ghorofani, na juu ya kichochoro kuna kidaraja cha zege. Mwenye nyumba anaona kazi ni kuziba matundu. Kazi hasa ni kujua nani kambeba nani.

Vibali kwanza. Kibali cha Halmashauri ya Jiji, na kama jengo linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ruhusa ya maandishi kutoka Idara ya Mambo ya Kale ya serikali kabla ya kugusa jiwe.

Pili, umeme na maji. Zima swichi kubwa upande mmoja, kisha nenda ng'ambo. Feni ikikatika huko, kuna waya umepita ukutani ambao hakuna anayeukumbuka. Ufuate mpaka mwisho wake.

Tatu, zisome boriti. Panda ghorofani, bandua plasta kidogo pembeni mwa dari, uone vichwa vya boriti vimekaa ukuta gani. Mara nyingi za majengo yote mawili zimelala kwenye ukuta mmoja wa kati, na kichwa kilichoozea ndani hakionekani mpaka ukichokonoe kwa bisibisi. Penye ufa wa zamani bandika kipande cha kioo chembamba kwa jasi, andika tarehe. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea: simamisha kazi.

Nne, simika mirunda, yaani nguzo za muda za kubeba dari, pande zote mbili, chini na juu, ndipo uanze kuondoa kidaraja. Nyundo kubwa weka mbali. Nondo za kidaraja zimeingia kwenye kuta zote mbili, na kila pigo linazivuta na mawe yake. Kata kwa grainda yenye disiki ya almasi, anzia katikati urudi ukutani, vipande vya kubebwa na watu wawili. Kichochoro kifungwe kwa mabati. Sisi hukata Jumapili alfajiri, kabla wauza chai na bodaboda hawajajaa. Ijumaa mchana mashine zinazimwa mpaka watu watoke msikitini.

Tano, ziba milango. Hapa niliwahi kuharibu. Nilijaza tofali za saruji, nikapiga plasta ya saruji, pakapendeza. Masika ilipopita, chokaa ya zamani kuzunguka pale ikavimba na kumwagika kama unga, maana unyevu uliokuwa ukitokea ukutani ulikosa njia. Nililipia plasta yote upya. Siku hizi najaza mawe yale yale, yakishikana meno na ukuta wa zamani, kwa chokaa sehemu 1 na mchanga wa mto sehemu 3. Wa bahari una chumvi, usiuguse. Lowesha mawe kwanza, plasta iwe tabaka nyembamba, funika magunia mabichi. Chokaa haina haraka, kwa hiyo Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu.

Mirunda itoe mmoja mmoja, ukirudi kutazama vioo kila asubuhi.

Mwisho, paa. Mfereji uliokuwa wa wote sasa uwe miwili. Panda na ndoo tano za maji, mimina, shuka utazame ukuta kwa ndani kabla hujadai malipo ya mwisho.