Sajili domeni kwa jina lako mwenyewe

Watu wanaokuja niwatengenezee tovuti huwa wameshachagua rangi, picha, hata maneno ya ukurasa wa kwanza. Jina la tovuti, yaani domeni ambayo mtu huiandika ili kuifikia, wameliacha mwisho. Mimi naanza nalo. Tovuti unaweza kuibomoa na kuijenga upya kila ukitaka, lakini jina likishaingia kwenye kadi, kwenye mabango na vichwani mwa wateja, kulibadilisha ni kuanza kutafutana nao upya.

Andika majina manane au kumi kwenye karatasi. Halafu mpigie mtu simu, umtajie jina moja, mara moja tu, bila kumsomea herufi, na umwombe akutumie alivyoliandika. Kipimo hiki kinafichua mengi, hasa kwa majina ya Kiswahili. Domeni ya kawaida inakubali herufi a hadi z, tarakimu na kistari, basi. Ritifaa, ile alama ya ', haimo. Biashara inayoitwa Ng'ara itabidi iandikwe "ngara", na msomaji ataitamka vingine kabisa. Ukitaja "thamani", wako watakaosikia na kuandika "samani", na hao watatua kwenye tovuti ya muuza makabati. "Dhahabu" nayo wengine wataianza kwa z.

Kuna mtego mwingine ambao sioni ukizungumzwa. Maneno yetu huishia kwa irabu, na domeni haina nafasi kati ya maneno. Picha Angavu inakuwa "pichaangavu", na nusu ya watu wataandika a moja tu. Ukikutana na hali hiyo, tafuta neno lingine. Kistari kinaweza kutenganisha maneno, lakini ukilitaja jina kwa mdomo itabidi kila mara useme "halafu kistari", na msikilizaji atakisahau. Tarakimu ni vilevile: hajui aandike 4 au "nne". Sheria inaruhusu hadi herufi 63 kabla ya nukta; mimi nikizidi 15 hivi naanza kupunguza. Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti.

Kuhusu kinachofuata baada ya nukta, .com ndiyo watu wanayoiandika bila kufikiri, na imekuwepo tangu 1985. Viishio vya herufi mbili ni vya nchi au maeneo maalumu: .tv ni ya Tuvalu, .ai ni ya Anguilla, hata kama wanaozitumia hawajawahi kufika huko. Sheria na bei za viishio hivyo hupangwa na wanaovisimamia, kwa hiyo zisome kabla hujalipia. Kama wateja wako wote wako nchi moja, kiishio cha nchi hiyo ni chaguo zuri. Usikubali kuuziwa viishio kumi kwa pamoja ili "kulinda jina". Kimoja au viwili vinatosha mwanzoni.

Kabla ya kulipa, litafute jina hilo kwenye intaneti, kwenye mitandao ya kijamii na kwenye orodha ya alama za biashara zilizosajiliwa. Tangu 1999 kuna utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina haya, unaomwezesha mwenye alama ya biashara kudai domeni iliyosajiliwa kwa nia mbaya, na akishinda anaweza kukabidhiwa. ICANN pia wana orodha ya kampuni za usajili walizoziidhinisha, anzia hapo. Kwenye bei, tazama ya kuhuisha, yaani ya kuilipia tena muda ukiisha, siyo ile ya mwaka wa kwanza iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Domeni hainunuliwi moja kwa moja, unaishika kwa muda, na .com unaweza kuilipia mwaka 1 hadi miaka 10.

Sasa fomu. Hapa nakuomba usiharakishe. Pale panapouliza mwenye domeni ni nani, liwe jina lako au la kampuni yako. Lisiwe la fundi, la mpwa wako anayejua kompyuta, wala langu mimi. Niliwahi kuletewa mama mmoja mwenye kampuni ya usafirishaji ambaye tovuti yake ilikuwa imezimika. Fundi aliyeijenga alikuwa amesajili kila kitu kwa jina na barua pepe yake, kisha akahama na kubadili namba. Mama huyo alikuwa na risiti zote za malipo, lakini kampuni ya usajili ilimtambua fundi tu. Tukamchagulia jina jipya, akachapisha kadi upya, na magari yakapakwa rangi upya. Tangu hapo mteja wangu anafungua akaunti mwenyewe, kwa kadi yake, mimi nikiwa pembeni.

Barua pepe utakayoandika isiwe ya domeni hiyohiyo. Domeni ikizimika, na barua pepe yake inazimika, na maonyo ya kulipa yanatumwa mahali usipoweza kuyasoma. Baada ya kusajili utaletewa kiungo cha kuthibitisha anwani hiyo. Usipokibonyeza ndani ya siku 15, domeni inaweza kusimamishwa. Weka nywila isiyotumika kwingine, uthibitishaji wa hatua mbili (kuombwa msimbo wa ziada baada ya nywila), na uwashe huduma ya kuficha taarifa zako binafsi kama ipo.

Washa pia kuhuisha kwa otomatiki, lakini weka ukumbusho wako mwenyewe mwezi mmoja kabla, maana kadi huisha muda. Domeni ya .com ikipitisha tarehe, mara nyingi kampuni hukupa wiki kadhaa za kulipa kawaida. Ikifutwa, kuna siku 30 za kuikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kusubiri, kisha yeyote anaweza kuichukua. Ukiletewa ankara na kampuni usiyoijua, usilipe. Ingia kwenye akaunti yako uone tarehe halisi.

Mahali pa kuhifadhi tovuti si lazima pawe kampuni ileile. Mimi hupendelea ziwe mbili, ili ugomvi na mmoja usifunge vyote. Utakachofanya ni kunakili majina ya seva (kompyuta zinazoielekeza domeni kwenye tovuti) uliyopewa na wanaohifadhi tovuti na kuyabandika kwenye akaunti ya domeni. Mabadiliko huenea kwa saa kadhaa, wakati mwingine hadi siku mbili, na katika muda huo usiguse kitu kingine.