Kuchapa namba za mwanga kati ya picha kwa Nikon F6

Jioni pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, jua likiwa nyuma ya mitumbwi, ziwa linawaka na nyuso za wapakuaji wa dagaa zinabaki gizani. Ukipiga picha kadhaa kwa vipimo tofauti, mkanda ukishasafishwa hukumbuki ipi uliipiga kwa ngapi. Nikon F6, kamera ya filamu iliyotoka mwaka 2004, huchapa jibu kwenye mkanda wenyewe, katika ule upenyo kati ya picha na picha.

Hatua ya 1. Kabla ya kufunga mkanda, fungua menyu ya mgongoni, ingia sehemu ya kuchapa data, uchague ichapwe kati ya picha. Chagua vipimo vya mwanga, siyo tarehe. Lenzi iwe yenye chipu, ili kamera ijue tundu la kupitisha mwanga limefunguliwa kiasi gani.

Hatua ya 2. Piga tukio moja mara tatu: kipimo cha kamera, ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili), kisha mbili.

Hatua ya 3. Waambie wanaokusafishia wasikate mkanda. Nilishawahi kurudishiwa wangu umekatwa sita sita, na mkasi umepita juu ya namba zenyewe. Iliniuma sana. Sasa nabandika karatasi: USIKATE. Nakata mwenyewe nyumbani, taratibu.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Washa simu ioneshe ukurasa mweupe, mwanga juu kabisa. Weka kipande cha kioo kinene juu yake, la sivyo utaona vidoti vya skrini, kisha laza negativu na uchungulie kwa kioo cha kukuzia. Namba ni ndogo mno, nyeusi juu ya filamu angavu. Soma namba, halafu tazama uso wa mtu kwenye picha hiyo hiyo.

Kwenye mkanda wangu wa ISO 400 (wepesi wa filamu kushika mwanga), 1/1000 ya sekunde kwa tundu la f/8 ilitoa uso mtupu, hauna hata jicho. Kamera ilidanganywa na mng'aro wa maji. Kwa 1/500 paji la uso lilianza kujitokeza. Kwa 1/250 nikaona makunyanzi ya mzee aliyebeba tenga, na hata magamba ya dagaa yaliyomganda mkononi.

Kamera huhifadhi data hizi pia ndani yake, na kisomaji cha MV-1 huzihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu ya CF. Kilikuwa kikiuzwa peke yake. Mimi sina, na namba za kwenye mkanda zinanitosha: siku hizi jioni ya Mwaloni naanzia stopu mbili juu.