Jinsi ya kunakshi bakuli kwa mtindo wa buncheong ukiwa Dodoma

Vyombo vya buncheong vilistawi nchini Korea katika karne ya 15 na ya 16, mwanzoni mwa enzi ya Joseon. Mfinyanzi alichukua udongo wa kijivu wenye chuma, akaufunika kwa uji wa udongo mweupe, kisha akapaka glezi, yaani tabaka jembamba la kioo linaloyeyukia juu ya chombo tanuruni. Kauri nyeupe ilikuwa imeshaanza kuvisukuma kando vyombo hivyo, na uvamizi wa Wajapani wa 1592 hadi 1598 ukavimaliza; lakini wafinyanzi wa zama hizi, kama Yoon Kwang-cho na Lee Kang-hyo, wameurudia mtindo huo kwa namna yao wenyewe. Kwa mfinyanzi wa Dodoma unafaa sana, kwa sababu hauhitaji udongo mweupe wa kufinyangia: udongo mwekundu au wa kahawia unatosha, na weupe hupakwa juu tu.

Usitumie udongo mweusi wa mbugani peke yake, kwani husinyaa mno na kupasuka. Uchanganye na mchanga laini au vigae vilivyotwangwa. Kwa ajili ya uji mweupe tafuta kaolini, yaani udongo mweupe laini, ambayo machimbo ya Pugu wilayani Kisarawe yanajulikana nayo. Chokaa ya kupakia kuta haifai hata kidogo, maana hubanduka baada ya kuchomwa. Anza kwa kujaribu sehemu 3 za kaolini kwa sehemu 1 ya udongo uleule wa bakuli, ili vyote visinyae kwa kiasi kinachokaribiana. Chuja kwa kitambaa, na uji uwe mzito kama maziwa ya mgando.

Jambo linaloamua kila kitu ni unyevu. Bakuli linapaswa kuwa limekauka nusu, yaani lishikike bila kubonyea huku ukucha ukiendelea kuacha alama. Katika miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma hukausha ukingo wakati kitako kingali kibichi, kwa hiyo kifunike chombo kwa gunia lililoloweshwa, au kiweke ndani ya ndoo yenye mfuniko hadi unyevu ulingane kila mahali.

Mbinu ya sanggam, iliyopata sifa kwenye seladoni (vyombo vya glezi ya kijani) za enzi ya Goryeo, iliyotangulia Joseon, za karne ya 12, ni ya kujaza mchoro. Chonga mistari yenye kina cha milimita 2 hivi, ijaze uji mweupe mara mbili au tatu kwa kuwa uji hunywea unapokauka, na usubiri ushikane kabla ya kukwangua ziada kwa kipande cha msumeno wa chuma. Anayekwangua mapema hupaka weupe bakuli zima, na hapo mchoro hausomeki tena.

Inhwa hufuata kanuni hiyohiyo, ila badala ya kuchonga unagonga mihuri midogo ya mti au ya udongo uliochomwa, ikikaribiana hadi uso wote ujae maua au vitone. Mwaka 1417 serikali ya Joseon iliagiza majina ya ofisi yaandikwe kwenye vyombo vyake ili kuzuia wizi, agizo ambalo mji wenye wizara nyingi kama huu utalielewa bila maelezo.

Kwa gwiyal, ambayo binafsi naiona nzuri kuliko zote, chukua brashi ngumu ya katani, ichovye, kisha zungusha bakuli huku ukipaka kwa mkono mmoja usiosita. Mistari ya brashi ndiyo pambo lenyewe. Ukirudia kupaka, unaifuta. Ukipenda, chora samaki juu ya weupe huo kwa udongo mwekundu wenye chuma, kama walivyofanya wafinyanzi wa eneo la Gyeryongsan nchini Korea.

Kausha kivulini hadi chombo kisiwe baridi kinapogusishwa shavuni. Wakorea huchoma buncheong kwenye joto la takriban nyuzi 1,200 au zaidi, kiwango ambacho udongo wetu mwingi wa vyungu hauwezi kukistahimili bila kuvimba au kuyeyuka. Ukichoma kwa kuni na samadi mahali pa wazi, usipake glezi. Sugua weupe kwa kokoto laini kabla haujakauka kabisa, na utumie bakuli hilo kwa vitu vikavu. Mwenye tanuru la umeme atumie glezi angavu ya joto la chini isiyo na madini ya risasi, baada ya kuijaribu kwanza kwenye vigae vya udongo uleule.