Kabla ya kumpeleka mbwa kwenye mafunzo: mkanda, kamba na mkono wako

Mbwa wengi wa Dar es Salaam hushinda bandani au kwenye mnyororo, usiku wakaachiwa walinde. Mbwa wa namna hiyo akitolewa nje ya geti, kitu cha kwanza ni kuvuta. Basi mnunulie mkanda wa shingoni mapema, auzoee nyumbani kabla ya siku ya kwanza.

Kwa walio wengi, mkanda bapa wa nailoni au ngozi wenye bizimu unatosha. Ukaze mpaka vidole viwili tu vipenye kati yake na shingo, halafu simama mbele ya mbwa uuvute taratibu kuja kwako. Ukivuka masikio, kaza tundu moja zaidi. Mbwa akishtuliwa na honi ya bodaboda hurudi kinyumenyume, na hapo ndipo mkanda uliolegea humtoka kichwani. Mtoto wa mbwa mpime kila wiki, shingo yake hunenepa upesi. Mwenye pua fupi, au anayekohoa akivutwa, avae hanesi, yaani mikanda inayozunguka kifua na mgongo badala ya shingo, yenye pete kifuani. Pete ya mgongoni humwezesha kuvuta kwa mwili mzima.

Mnyororo wa kukaba hatuushauri kabisa. Hauna kikomo, kwa hiyo unabana koo kadiri mbwa anavyovuta, na ukivalishwa kinyume haulegei hata ukiachia kamba. Kibaya zaidi, mbwa anaweza kuyahusisha maumivu na kile alichokuwa akikitazama, pengine mtoto anayepita, akaanza kumkasirikia. Mkanda wa miiba una madhara hayohayo.

Kamba iwe ya mita 1.8 hivi, isiwe ile ya kujikunja yenyewe. Pitisha kitanzi kwenye kidole gumba ufumbe ngumi. Usiizungushe kiganjani, mbwa mkubwa akikurupuka atakuvunja vidole. Ikikaza, simama. Ikilegea, endelea. Akiwa ubavuni mwako, mpe papo hapo kipande cha maini ya kuchemsha, ukubwa wa punje ya haragwe. Ukichelewa sekunde kadhaa, hatajua amelipwa kwa lipi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, na cheti ubebe. Chagua darasa la asubuhi na mapema: lami ikikushinda kuigusa kwa mgongo wa mkono sekunde 7, nyayo zake zitaungua. Mkifanyia mazoezi ufukweni, suuza bizimu na ndoano ya kamba kwa maji ya bomba, maana chumvi huvila, na ndoano yenye kutu hukatika siku mbwa anapovuta kwa nguvu.