Ufa Uliovutwa Kisha Ukabanwa: Jinsi ya Kupata Tarehe ya Mgeuko

Nyufa zinazotuzunguka hapa Nakuru zinafanya kazi moja: zinashusha ardhi. Ardhi inavutwa pande mbili, kipande cha katikati kinazama na kingo zinabaki juu. Tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye ukubwa wa takriban 6.9, lilikuwa la namna hiyo hiyo. Ufa wa Laikipia-Marmanet uliupasua uso wa ardhi na upande wa bondeni ukashuka. Bonde letu bado linafunguka kwa milimita chache kwa mwaka.

Kwingineko mambo yaligeuka. Bonde la Benue kule Naijeria lilivutwa, likajaa mashapo, kisha likabanwa na kukunjwa karibu miaka milioni 84 iliyopita. Milima ya Pirenei, kati ya Ufaransa na Uhispania, ilianza kubanwa takriban wakati huo huo, mahali palipokuwa pamevutwa hapo awali. Milima ya Atlasi ya Moroko nayo ni bonde la ufa lililosukumwa juu. Mwongozo huu ni wa yule aliyejifunzia kazi kwenye nyufa zetu za mvutano na sasa amekabidhiwa sampuli au picha za mtetemo (picha za matabaka ya chini ya ardhi zilizotengenezwa kwa mawimbi ya mtetemo) za bonde lililobanwa, akaulizwa: ufa huu uligeuka lini?

Shika jambo moja kabla hujatoka ofisini. Maabara itakupa tarehe ya kipande cha madini, lakini haitakwambia ufa ulikuwa unaelekea wapi madini hayo yalipoganda. Hilo utalijua uwandani peke yake. Nimesoma tasnifu nyingi zenye tarehe safi kabisa zisizo na mwelekeo, na hazisaidii kitu.

Hatua ya 1: Hakikisha mgeuko upo

Ufa ulioinama una pande mbili. Upande unaoulalia ufa nitauita ubavu wa juu, na ule unaolaliwa, ubavu wa chini. Kwenye mvutano ubavu wa juu unashuka. Kwenye mbano unapanda.

Katika ufa uliogeuka, zote mbili zinaonekana kwenye ufa ule ule. Chini kabisa, matabaka ya zamani bado yameshuka kwa sababu mbano haukutosha kuyarudisha yalikotoka. Juu, matabaka machanga yamepanda. Katikati kuna mahali ambapo tabaka la upande huu limelingana na la upande ule kana kwamba hakuna kilichotokea. Tafuta mahali hapo kwenye picha ya mtetemo. Ukipakosa kabisa, shaka na ianze.

Usidanganywe na mkunjo. Mashapo yakishindiliwa juu ya jiwe gumu hujikunja yenyewe, na matabaka yanayoteleza juu ya ufa uliopinda kama tumbo hupinda bila kubanwa na chochote. Kipimo ninachokiamini ni kimo: chukua tabaka lililowekwa wakati wa mvutano, ulifuate mpaka mbali na ufa ambako halijasumbuliwa, kisha ulinganishe. Kama karibu na ufa limenyanyuka kupita usawa wake wa kawaida, limesukumwa. Kama halijapita usawa huo, huna ushahidi bado, hata mkunjo upendeze namna gani.

Hatua ya 2: Soma michirizi kwa kidole na kwa dira

Hapa usiharakishe.

Tafuta uso wa ufa uliong'aa, wenye michirizi na ngozi nyeupe ya kalsaiti, yaani madini ya chokaa. Machimbo ya kokoto na kingo za barabara zilizokatwa ndiyo sehemu nzuri, kwa kuwa mvua na jua havijala uso wa mwamba. Kwanza pima mwelekeo wa uso wenyewe na mwinamo wake, halafu pembe ya michirizi juu ya uso huo. Andika kabla ya kugonga nyundo, kwa sababu jiwe likishang'oka halikumbuki lilikuwa limekaaje.

Sasa pitisha kidole kufuata michirizi, kwenda na kurudi. Nyuzi za kalsaiti hujenga vingazi vidogo, na upande mmoja kidole kitateleza huku upande wa pili kikikwama. Upande kinakoteleza ndiko ule ubavu usiokuwepo mbele yako ulikoelekea. Umesimama mbele ya ubavu wa chini na kidole kinateleza kwenda chini? Basi ubavu wa juu ulishuka, yaani mvutano. Kikiteleza kwenda juu, ni mbano. Rudia kwenye nyuso nyingi, kwa maana uso mmoja unaweza kuwa mpasuko mdogo wenye mambo yake.

Kwenye ufa uliogeuka utapata vizazi viwili vya kalsaiti, kimoja kimelala juu ya kingine. Chukua lenzi ya mkono uone kipi kimekikata kipi. Kilichokatwa ndicho cha zamani. Kizazi cha kwanza kikionyesha kushuka na cha pili kupanda, umeshika roho ya kazi yote. Piga picha ukiweka kipimo pembeni, chora mshale wa kaskazini juu ya jiwe kwa kalamu ya wino usiofutika, kisha ulifunge. Ukate sampuli kubwa kuliko unavyodhani inatosha.

Kuna mtego ambao sisi wa Bonde la Ufa tunapaswa kuujua kuliko wengine. Michirizi ya namna mbili kwenye uso mmoja haimaanishi mgeuko. Vipimo vya nyufa za sehemu yetu ya kati ya bonde vimeonyesha kwamba katika kipindi cha Kwaternari (miaka milioni 2.6 ya mwisho) mwelekeo wa kuvutwa ulizunguka, kutoka mashariki-magharibi kuwa kaskazini-magharibi kwa kusini-mashariki. Nyufa za zamani zikateleza upya kwa pembe tofauti. Michirizi miwili, mivutano miwili, mbano hakuna. Usiridhike na kuona kwamba pembe imebadilika. Uliza kama ubavu wa juu ulipanda.

Hatua ya 3: Ifungie tarehe kati ya matabaka mawili

Ufa unaposhusha ardhi, nafasi kubwa zaidi hupatikana karibu nao, na mashapo hukimbilia huko. Nenda tambarare za Kano, karibu na Kisumu, uone inavyofanyika leo: ufa wa Nyando uko kaskazini, wa Kendu kusini, na katikati mto Nyando unamwaga matope. Bonde kama hilo likikatwa kama mkate, tabaka lililowekwa wakati wa mvutano litakuwa nene kwenye ufa na jembamba mbali nao. Mbano ukianza, kinyume kinatokea: sehemu ile ile inanyanyuka, na tabaka jipya linakuwa jembamba juu yake au linaishia ubavuni bila kufika kileleni.

Kwa hiyo tafuta vitu viwili: tabaka changa kuliko yote lililonenepa kuelekea ufa, na tabaka kongwe kuliko yote lililokonda juu ya mkunjo. Mgeuko uko kati yao.

Mantiki hii haihitaji hata mashine. Magharibi mwa Kenya, kwenye miamba ya kale sana ya upande wa Kakamega na Mumias, mashapo ya Kavirondo yamekunjwa, na graniti ya Mumias imeyapenya. Tarehe ya graniti inakupa kikomo: mkunjo wa mashapo iliyoyapenya ulitangulia.

Ili kikomo kiwe na namba, tafuta majivu ya volkano yaliyolala katikati ya matabaka. Chembe za madini ya felspa ndani yake hupimwa kwa njia ya agoni (gesi inayozaliwa potasiamu ya chembe inapooza), moja moja. Moja moja kwa sababu volkano ikilipuka huzoa chembe za miamba ya zamani njiani, nazo zitakupa umri mkubwa wa uongo. Kundi la chembe changa zinazokubaliana ndilo umri wa mlipuko. Mazoezi ya kuchambua chembe unaweza kuyafanya kwenye majivu ya Menengai, yametapakaa kote hapa.

Hatua ya 4: Pima umri wa mwendo wenyewe

Sampuli ya hatua ya 2 sasa inaingia maabara. Kalsaiti hubeba urani kidogo, na urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Leza huchoma vishimo vidogo, mvuke unapimwa, na vipimo vinachorwa mstari ambao mahali unapokata mchoro uliopinda wa umri ndipo penye jibu. Tatizo ni kwamba kalsaiti nyingi zina urani haba na risasi nyingi ya asili, na mstari hautoki. Peleka sampuli nyingi ukijua kwamba baadhi zitarudi mikono mitupu. Uliza pia walirekebisha vipimo kwa kalsaiti gani ya rejea. WC-1, yenye umri wa takriban miaka milioni 254, ndiyo inayotumika sana.

Vizazi viwili vichomwe mbali mbali. Leza ikikanyaga mpaka wao, utapata umri wa katikati ambao haukuwahi kuwepo. Kusini mwa Uingereza, kalsaiti za nyufa za namna hii zilitoa umri wa Paleojini (kati ya miaka milioni 66 na 23 iliyopita), na mbano wake ukahusishwa na kujengeka kwa Pirenei.

Hakuna kalsaiti? Chukua ule udongo uliosagika ndani ya ufa. Ndani yake mna madini ya ilaiti, mengine yaliyozaliwa ufa ulipoteleza, mengine yaliyotoka kwenye mwamba wa zamani. Yachujwe kwa ukubwa wa chembe, kila kundi lipimwe umri wake na kiasi cha ilaiti ya zamani kilichomo, halafu fuata mstari mpaka mahali ambapo ya zamani ni sifuri. Njia hii ni nzuri, ila mwelekeo wa mwendo hauonekani kwenye udongo uliosagika, kwa hiyo naiweka ya pili.

Hatua ya 5: Uliza ubavu upi ulipoa

Apatiti, madini ya fosfati, huhifadhi kumbukumbu ya kupoa: alama ndogo zinazoachwa na atomi za urani zikipasuka hufutika kwenye joto la takriban nyuzi 60 hadi 120 za Selsiasi, na heliamu hutoroka kwenye joto la chini zaidi. Kwenye mvutano, ubavu wa chini ndio unaonyanyuka na kupoa. Ukigeuka, ubavu wa juu uliokuwa umezikwa ndio unaoanza kupoa. Kwa hiyo chukua sampuli pande zote mbili. Upande mmoja haukuambii kitu, maana mmomonyoko wa kawaida pia unapoza. Kwenye eneo lenye volkano kama letu njia hii naiacha kabisa, kwa sababu magma hupasha miamba na kufuta kila kitu.

Hatua ya 6: Ziweke tarehe mezani pamoja

Chukua namba hizi za mfano. Majivu ya juu kabisa kwenye tabaka lililonenepa: miaka milioni 38.2. Majivu ya chini kabisa kwenye tabaka lililokonda: 35.6. Kalsaiti ya kizazi cha kushuka: 44 ± 2. Ya kizazi cha kupanda: 34 ± 1.5. Ubavu wa juu ulianza kupoa kwenye 32.

Wengi wataandika 34 kwa kuwa imetoka kwenye ufa wenyewe. Lakini kalsaiti inatoa umri wa mtelezo mmoja, na hakuna anayejua kama ulikuwa wa kwanza. Tabaka lililokonda linasema mbano ulishaanza kufikia 35.6, na kalsaiti ya mtelezo wa baadaye haipingi hilo. Ile 32 imechelewa kwa sababu mmomonyoko unahitaji muda kuondoa kifuniko. Jibu ni kati ya 38.2 na 35.6, na hivyo ndivyo uandike, kama kipindi, pamoja na makosa ya vipimo ya kila upande na kiwango chake cha uhakika.

Kama kalsaiti ya kupanda ingetoka 41 ± 1, usiipuuze wala usiichukue. Rudi kwenye picha ya hatua ya 2 ukaangalie upya kipi kilikata kipi, na ndiyo maana nusu ya kila sampuli hubaki kabatini, ikiwa na mshale wake wa kaskazini.