Kabla ya kumjibu usiyemjua, mrudishie hoja yake

Hili nimelijua juzi nikiwa mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, nasubiri gunia la dagaa lipimwe huku nabishana mtandaoni kwa simu na mtu nisiyemjua kuhusu kodi. Kabla hujamjibu, andika hoja yake kwa maneno yako, umuulize: "Ndivyo ulivyomaanisha?" Mimi nilikuwa nimeshaandika aya nzima kutetea VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, kumbe mwenzangu analalamikia tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021. VAT imo kwenye bei ya bidhaa, tozo ile ilikatwa unapotuma au kutoa pesa. Tungeparurana hadi bando liishe! Ukimrudishia hoja yake anapoa, maana ameona umemsikia, na mara nyingi anairekebisha mwenyewe. Kwenye siasa na habari za akili mnemba inasaidia vilevile. Kwenye dini inakwama: ukibadilisha neno moja tu unaambiwa umekufuru, kwa hiyo hapo nukuu maneno yake kama yalivyo. Na akikujibu kwa matusi au vikatuni vya kucheka, achana naye, hata kama bando bado lipo.