Kabla hujanunua upinde wa fidla uliochongwa kwa mkono

Mimi ni fundi wa pinde. Mtu akiniletea upinde nimkagulie, kwanza nalegeza skrubu mpaka singa, yaani nywele za farasi, zilale, maana ufito uliokazwa huficha mengi. Nawe fanya hivyo. Kisha fumba jicho moja, uutazame kuanzia kwenye kishikio cha mpingo mpaka nchani, kama mtu alengaye shabaha. Ufito usiyumbe kushoto wala kulia. Ukiyumba kidogo, fundi hodari anaweza kuunyoosha kwa moto, uliojisokota uache.

Sasa ugeuze ubavu, uangalie mpindo. Wengi hudhani mpindo huo umechongwa. La. Ufito huchongwa ukiwa umenyooka, kisha fundi huupitisha juu ya moto mdogo, sehemu baada ya sehemu, mpaka joto lifike kwenye kiini. Hapo huukunja taratibu na kuushikilia hadi upoe. Akiwa na haraka, joto likaishia juujuu, nyuzi za mti hukatika au mpindo hurudi ulikotoka. Kwa hiyo tafuta mpindo unaokwenda kwa ulaini, usio na kona hata moja. Umbo hili tumelirithi kwa François Xavier Tourte, fundi wa pinde wa Paris, aliyefariki 1835, na bado sijaona lililo bora zaidi.

Baada ya hapo chukua kioo cha kukuzia, ukague kichwa cha upinde, kule nchani. Fuata mistari ya mti inavyoingia kutoka kwenye ufito. Ikikatiza shingo kimshazari, hapo ndipo upinde utakapovunjika siku ukianguka. Ufa mwembamba kama unywele hapo hushusha thamani yote, hata ukigundishwa vizuri namna gani.

Muulize muuzaji mti umetoka wapi. Pernambuko, mti wa Brazili unaotumika kutengenezea pinde, imo tangu 2007 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, na fundi mwaminifu hujua asili ya mbao zake.

Uzito ni takriban gramu 60, ila mizani isikuamulie. Upige kwenye fidla yako mwenyewe: noti moja ndefu, polepole, bila kukandamiza. Ukifika nchani sauti ikafifia na mkono ukaanza kusukuma, jaribu mwingine.

Singa zilizochakaa zisikutishe, wala mpya zisikuvutie. Hizo hubadilishwa.